Kabla ya kununua nyumba Karagwe na Kyerwa: Mambo ya kukagua

Na Mwandishi Wetu

KUNUNUA nyumba iliyokwisha kujengwa ni njia inayovutia watu wengi wanaohamia miji midogo ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Rubwera na Murongo, ama kwa kazi, ama kwa biashara ya kahawa na ndizi. Mnunuzi huepuka adha ya kusaka mchanga, tofali na mafundi, na huweza kuhamia ndani ya wiki chache.

Hata hivyo, nyumba iliyopigwa plasta na kupakwa rangi huficha mengi. Kasoro ambayo muuzaji ameishi nayo kwa miaka 10 humhamia mnunuzi siku anapokabidhiwa ufunguo. Tena kwa kaya nyingi fedha hizo ni akiba ya misimu kadhaa ya kahawa, mafao ya kustaafu au mkopo wa mshahara, fedha ambazo hazipatikani mara ya pili.

Nchini Marekani na Uingereza, ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua ni kazi inayojitegemea, na mkaguzi humwandikia mnunuzi taarifa kamili. Kwa Tanzania kazi hiyo haijawa taaluma yenye bodi yake. Mnunuzi hulazimika kuangalia mwenyewe, kisha kumtafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), au walau fundi mzoefu asiye na uhusiano na muuzaji wala dalali.

Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipoundwa Wilaya ya Kyerwa.

Wakati wa kukagua

Nyumba ikaguliwe mchana, mwanga ukiwa wa kutosha, na isikaguliwe mara moja tu. Kagera ina misimu miwili ya mvua, ya kuanzia Septemba hadi Desemba na ya kuanzia Machi hadi Mei. Mnunuzi anayekagua Julai huona nyumba kavu, na hawezi kujua maji yanapita wapi mvua ikinyesha.

Ni vema basi ziara ya kwanza ifanywe wakati wowote, na ya pili ifanywe mara baada ya mvua kubwa. Kama muuzaji ana haraka na hataki kusubiri mvua, majirani waulizwe maji hupita wapi na kama yamewahi kuingia ndani.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama. Tochi, futi kamba, timazi, bisibisi, gololi moja ya mtoto na daftari vinatosha. Aidha, mkaguzi avae nguo za kazi, kwa kuwa sehemu muhimu kuliko zote iko juu ya dari.

Kiwanja na mteremko

Sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa ni vilima na mabonde. Nyumba nyingi zimejengwa kwa kuchimba ubavu wa kilima na kusawazisha, ili nusu ya nyumba ikae kwenye udongo wa asili na nusu nyingine kwenye kifusi kilichojazwa. Kifusi kisichoshindiliwa vizuri huendelea kushuka kwa miaka, na nyumba hupasuka katikati, pale udongo wa aina mbili unapokutana.

Mkaguzi aanze nje. Asimame upande wa juu wa nyumba na kuangalia kama kuna mtaro wa kukinga maji ya kilima. Kama ukuta wa nyuma umekaribiana mno na gema la udongo, aangalie kama gema hilo limezuiwa kwa ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, na kama kuna dalili za udongo kuporomoka.

Kisha aende upande wa chini na kuangalia msingi. Msingi ulioachwa wazi na mmomonyoko, mawe yake yakionekana na udongo umeliwa chini yake, ni dalili kwamba maji ya paa na ya kilima hayajaongozwa kwa muda mrefu.

Miti iliyoinama na nguzo za uzio zilizolala upande mmoja huonyesha kuwa ardhi yenyewe inatembea polepole. Kasoro ya namna hiyo haitengenezwi kwa saruji, na mnunuzi hana budi kutafuta nyumba nyingine.

Kuta na somo la tetemeko

Septemba 10, 2016, alasiri, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 16 walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba yalianguka au kupasuka. Madhara makubwa yalikuwa Bukoba na Missenyi, lakini Karagwe na Kyerwa nazo ziliguswa. Mkoa huu uko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, hivyo tetemeko jingine ni jambo la kutarajiwa, ingawa hakuna awezaye kutaja siku yake.

Kwa mnunuzi wa leo jambo hilo lina maana mbili. Kwanza, nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya Septemba 2016 imekwisha kutikiswa, na muuzaji aulizwe waziwazi ilipata madhara gani na yalirekebishwaje. Pili, nyumba iangaliwe kama itastahimili mtikisiko mwingine.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mnunuzi, ufa uliozibwa ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu plasta mpya na rangi mpya katika sehemu moja tu ya ukuta wa zamani huwa vimewekwa kwa sababu. Mkaguzi apitishe mkono na tochi kwa ubavu wa ukuta, ndipo kiraka kitaonekana.

Nyufa hazina uzito sawa. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kama utando, ni za plasta iliyokauka haraka na si tishio. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha au mlango na kupanda mshazari kwa ngazi za tofali huonyesha kuwa msingi umeshuka upande mmoja. Ufa unaozidi milimita 5, ufa unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, au ufa ulio mpana juu kuliko chini, uonwe na mhandisi kabla ya neno lolote la bei.

Kujua kama ufa ungali unapanuka ni rahisi. Bandika juu yake kipande chembamba cha jasi au plasta na kuandika tarehe. Kikipasuka ndani ya wiki chache, nyumba bado inatembea.

Vilevile ni lazima kujua ukuta umejengwa kwa nini. Katika wilaya hizi zipo nyumba za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji, zipo za tofali hizohizo zilizojengwa kwa udongo na kupigwa plasta ya saruji nje, na zipo za miti na udongo zilizosiribwa zikaonekana kama za tofali. Kwa macho zote tatu hufanana, lakini bei na uimara wake havifanani hata kidogo.

Njia ya kutambua ni kuangalia mahali ambapo plasta haijafika. Panda juu ya dari, tazama ukuta unapokutana na paa. Hapo viungo vya tofali huwa wazi: saruji ni ya kijivu na ngumu, udongo huchimbika kwa bisibisi. Ukuta ukigongwa na kutoa sauti ya uwazi, plasta imeachana na ukuta.

Hukohuko juu, mkaguzi atafute mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, ambao mafundi huuita lenta. Mkanda huo hufunga kuta zote pamoja kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Nyumba yenye vipande vya lenta juu ya kila dirisha pekee, au isiyo na lenta kabisa, kuta zake huweza kuachana pembeni ardhi inapotikisika.

Mwisho, timazi iteremshwe kwenye pembe za nje ili kuona kama kuta zimesimama wima, na gololi iwekwe sakafuni katika kila chumba. Ikibingirika yenyewe kuelekea upande uleule chumba baada ya chumba, jamvi limeinama. Milango na madirisha yasiyofunga vizuri hutoa ushahidi huohuo.

Paa, mbao na mchwa

Bati hupimwa kwa geji, na wengi hukosea hesabu yake: kadiri namba inavyokuwa kubwa, bati huwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ndilo jembamba kati ya hayo. Ukiwa ndani, zima taa na funga madirisha mchana. Kila nukta ya mwanga juu ni tundu la maji.

Kenchi na papi ziangaliwe kwa tochi na kuchomwa kwa bisibisi. Katika eneo hili mbao za kuezekea nyingi ni za mkaratusi na msonobari, na mbao isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Bisibisi ikizama bila kupingwa, mbao hiyo imekwisha. Unga laini chini ya mbao ni dalili ya wadudu wa aina nyingine watoboao mbao.

Mchwa hupanda kutoka ardhini kwa njia ndogo za udongo zinazofuata ukuta. Njia hizo zitafutwe nyuma ya milango, kwenye fremu za madirisha, ndani ya stoo na kwenye pembe za msingi. Migomba na matandazo yaliyosogezwa hadi ukutani hurahisisha kazi ya mchwa, na pia huhifadhi unyevu.

Wilaya hizi ziko juu, na asubuhi nyingi huwa za baridi na ukungu. Chumba kilichofungwa huweza kuota kuvu kisirisiri. Harufu ya uvundo, rangi inayobanduka karibu na sakafu na chumvi nyeupe ukutani huonyesha kuwa msingi hauna tabaka la kuzuia maji kupanda. Kabati au kitanda kilichoegemezwa ukuta wa nyuma kisogezwe.

Maji, choo na umeme

Kwa nyumba za vilimani maji ni suala la kila siku. Bomba likiwapo, lifunguliwe, na majirani waulizwe hutoa maji siku ngapi kwa wiki. Bili za miezi ya karibuni zionyeshwe, ili deni lisirithiwe.

Maji ya mvua ndiyo mkombozi wa kaya nyingi. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita moja ya mraba hutoa lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 huweza kukusanya karibu lita 2,000, ukiacha yanayopotea. Kwa hiyo mnunuzi akague mifereji ya paa, mabomba ya kushushia na tangi lenyewe. Tangi la saruji lililopasuka si mali bali ni gharama.

Choo cha shimo au karo la maji taka lifunuliwe. Mkaguzi aulize lilichimbwa lini, lina kina gani, limejengewa kuta au ni udongo mtupu, na kama gari la kunyonya linaweza kulifikia. Kama kuna kisima, wataalamu wa afya hushauri kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kwenye shimo, na kiwe upande wa juu wa mteremko, kamwe si wa chini.

Kwa upande wa umeme, namba ya mita ya LUKU ilinganishwe na jina la mmiliki. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, hivyo mita yenye malimbikizo humdai anayenunua umeme leo. Swichi kuu ifunguliwe na fundi mwenye leseni. Nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni, soketi zilizoungua, na kukosekana kwa waya wa kupeleka umeme ardhini ni hatari ya moto na ya maisha.

Barabara, mito na mashimo

Nyumba iliyo kando ya barabara kuu huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya biashara. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kutoka mita 22.5 za awali.

Mnunuzi wa nyumba kando ya barabara ya Kyaka–Bugene, au ya Omurushaka–Nkwenda–Murongo, apime kwa futi kamba na kisha aulize ofisi ya Wakala wa Barabara (TANROADS). Alama ya X ukutani, hata ikipakwa rangi juu yake, ni ilani ya serikali. Kwa kawaida X nyekundu humaanisha jengo litaondolewa bila fidia, na X ya kijani humaanisha lipo ndani ya eneo lililoongezwa na mwenyewe anastahili fidia. Aliyeandikwa kulipwa, hata hivyo, ni mmiliki wa zamani.

Karibu na Mto Kagera, vijito na maziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Na katika sehemu za Kyerwa ambako madini ya bati yamechimbwa kwa miongo mingi, mnunuzi aulize kama kuna mashimo ya zamani yaliyofukiwa chini au jirani na kiwanja.

Kibanja, ukoo na nyaraka

Nyumba inaweza kuwa imara kuanzia msingi hadi paa, na bado ikawa hasara kwa sababu ardhi iliyo chini yake si ya muuzaji. Katika Karagwe na Kyerwa, nyumba nyingi zimo ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lililorithiwa kutoka kwa babu.

Kibanja cha ukoo kina wenyewe wengi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi maarufu ya Ephrahim dhidi ya Pastory iliyotoka mkoani humu. Mwanamke aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza, na ndugu wa kiume akataka mauzo hayo yabatilishwe kwa madai kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza.

Mahakama ilikataa ubaguzi huo na kusema mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Lakini ilitoa pia nafasi kwa ukoo kukomboa shamba kwa kurudisha bei ya ununuzi ndani ya miezi 6. Mnunuzi anajifunza mambo mawili hapa: haki ya mwanamke kuuza isitiliwe shaka, na ndugu wa ukoo washirikishwe kabla ya fedha kutolewa, si baada.

Kama mwenye nyumba amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na nyaraka ya uteuzi ionyeshwe. Kama muuzaji ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya mume pekee haitoshi, na mnunuzi aonane na mke ana kwa ana.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho uidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake si idhini hiyo. Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kuwa mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ni batili. Mnunuzi aombe muhtasari wa kikao uliosainiwa.

Kwa nyumba yenye hati, ufanyike upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua kama hati imewekwa rehani benki, kama kuna zuio, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Nyaraka za Kyerwa zilizoandikwa kabla ya 2012 hutaja Wilaya ya Karagwe, jambo ambalo si kosa, lakini jina la kijiji na kata lioanishwe na mipaka ya sasa. Aidha, kwa kuwa wilaya hizi zinapakana na Rwanda na Uganda, izingatiwe kuwa asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji kwa mujibu wa sheria.

Mipaka itembelewe kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote. Kwa desturi mpaka wa kibanja huoteshwa mulamula, mmea wa majani marefu unaoheshimiwa kama alama ya amani. Mulamula mpya uliooteshwa juzi katikati ya migomba ya zamani uulizwe sababu. Vivyo hivyo makaburi: yaandikwe kwenye mkataba yapo wapi, nani ataruhusiwa kuyazuru, na kwa njia ipi.

Kutokana na ukaguzi hadi mkataba

Baada ya ukaguzi, kasoro zote ziorodheshwe na kila moja iwekewe gharama ya marekebisho kwa bei za sasa za saruji, bati na ufundi. Orodha hiyo ndiyo silaha ya mnunuzi katika kupatana bei. Kasoro ndogo hupunguza bei. Kasoro za ardhi, msingi au umiliki hazipunguzi bei, huvunja biashara.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, utaje vitu vinavyobaki na nyumba kama tangi, mita na kahawa iliyoko shambani, na ueleze nani atalipa kodi zipi. Fedha zilipwe kupitia benki, kwa awamu, ya mwisho ikitolewa siku ya kukabidhiwa nyumba tupu na nyaraka zake.

Mgogoro ukitokea, mnunuzi hulazimika kuanzia usuluhishi wa baraza la kata, kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na pengine Mahakama Kuu mjini Bukoba. Sheria humpa mdai wa ardhi hadi miaka 12 kufungua shauri, muda unaotosha mtoto aliyezaliwa siku ya kuhamia kumaliza madarasa ya mwanzo akiwa bado hajui kama nyumba ni ya kwao. Siku mbili tatu za kupanda darini, kupima mita na kuongea na majirani ni bei ndogo kwa kuepuka safari hiyo.